UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) sugu maana yake nini hasa?

Hili neno linatumika vibaya sana. Mdada anapima, anaambiwa ana pasi seli (seli za usaha kwenye mkojo), anapewa sipro (dawa ya kuua bakteria), wiki mbili mbele mkojo unachoma tena, anaenda famasi anachukua azithromaisini (ambayo kwenye mkojo hata haifiki ya kutosha), ikirudi tena basi ndo ashajiita mgonjwa wa UTI sugu. Sugu ni bakteria, sio wewe.

Yani wengi wetu UTI inaletwa na E. koli, bakteria anayeishi utumboni, akihamia kwenye njia ya mkojo ndo shida inaanza, na mwanamke mrija wake wa mkojo ni mfupi, kama sentimita 4 tu, kwahiyo ni rahisi zaidi kuipata. Sasa ile amoksilini uliyokunywa kwa mafua imeua wale dhaifu huko huko tumboni, waliobaki ni wale dawa haiwawezi na wanazaana, afu siku wakipanda kwenye kibofu unameza dozi ile ile na haigusi kitu. Huo ndo usugu.

Ila UTI kurudi rudi sio lazima iwe sugu! Inaweza kuwa maambukizi mapya kabisa na dawa ya mwanzo ilifanya kazi vizuri tu. Na wengine wala sio UTI, ni klamidia (ugonjwa wa zinaa), au kichocho kama unakojoa damu na umekulia kandokando ya ziwa.

Utajuaje? Omba mkojo uoteshwe. Maabara wanaupaka kwenye kisahani, bakteria wakiota wanawapandikiza kwenye kisahani kingine na kuweka juu vidoa vidogo vya karatasi, kila kimoja kina dawa yake, kesho yake wanaangalia: dawa inayoua inazungukwa na duara safi, inayogoma bakteria wameota mpaka pembeni yake. Majibu yanachukua siku 2 au 3, dawa yenye S inafaa, yenye R achana nayo. Toa sampuli KABLA hujaanza dawa, na ukinge mkojo wa katikati, ule wa mwanzo umwage, la sivyo wataotesha bakteria wa kwenye ngozi. Mara nyingi unakuta naitrofurantoini, dawa ya zamani tu, bado inaua.

Ukiwa na homa na ubavu unauma usisubiri kuotesha, hapo imeshapanda kwenye figo, nenda hospitali leo leo. Mjamzito pia usijitibu famasi hata kama mkojo hauchomi.