Mlonge wa shangazi si tiba mbadala

Juzi shangazi kanitangazia kwamba ameanza tiba mbadala ya kisukari: kijiko cha unga wa mlonge kwenye uji, kila asubuhi. Nikachungulia mkoba wake. Metformini, vidonge vya kisukari vya hospitali, zimo, na kadi ya kliniki ina tarehe ya wiki iliyopita.

Tiba mbadala ni ile unayoishika ukaacha ya hospitali. Ukizitumia zote mbili, hiyo ya pili ni tiba ya nyongeza. Basi. Neno lenyewe linasema: badala tumelitoa kwenye Kiarabu, badal, kitu kinachokalia nafasi ya kingine. Mchezaji wa akiba akiingia, mwenzake anatoka; hawabaki kumi na wawili uwanjani. Tanzania tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na nyongeza haimo hata kwenye jina, labda ndiyo maana tumeisahau.

Kosa hilohilo humpata Edzard Ernst, daktari Mjerumani anayeitwa "profesa wa tiba mbadala", utadhani anaiuza. Kiti alichokalia Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, mwaka 1993 kilikuwa cha tiba ya nyongeza, na "wa" hapo ni kama kwenye daktari wa malaria: haipendi malaria. Ujanani alifanya kazi hospitali ya homeopathi (tiba ya dawa zilizozimuliwa mno) mjini Munich, kwa hiyo waganga walidhani wamepata wakili. Yeye akazipima tiba zao dhidi ya vidonge visivyo na dawa ndani. Mitishamba michache ilifaulu; homeopathi ilianguka.

Mwaka 2005 alizozana na watu wa Prince Charles, ambaye sasa ni mfalme wa Uingereza. Ripoti aliyoiagiza Charles ilidai tiba hizo zingeiokolea serikali fedha, na Ernst akaiponda gazetini kabla haijatoka. Lakini hebu piga hesabu: ukiongeza dawa juu ya dawa, gharama inapanda. Ili ishuke lazima kitu kiondolewe, yaani nyongeza imegeuka mbadala kimyakimya. Katibu wa Prince alimshtaki chuoni kwa kuvujisha siri. Akachunguzwa miezi 13, asikutwe na hatia. Fedha za kitengo chake zikakauka, na mwaka 2011 akastaafu mapema.

Shangazi, uji wako kunywa tu. Ila mwambie daktari wa kliniki, maana mlonge nao unaweza kushusha sukari, na akikuuliza ni tiba gani, sema nyongeza.