Pikapu ikivuta kulia, nafungua kushoto

Mteja akileta Hilux LN106, ile ya dizeli ya miaka ya 1990 yenye springi za majani mbele na nyuma, akasema akibana breki kwa nguvu gari linaruka kulia, mimi naanza na gurudumu la kushoto. Mafundi wengi hukimbilia upande gari linakovuta, kumbe upande huo ndio ambao breki yake inafanya kazi. Uliolala ni wa pili. Na si jambo la kuahirisha: kwenye mteremko wa Kitonga kule Iringa, na mzigo wa mahindi nyuma, kuhama kidogo tu kunatosha kukukutanisha na lori uso kwa uso.

Kabla ya kushika spana napima upepo wa tairi za mbele. Kisha naendesha mahali tambarare, nabana breki mara kadhaa, nasimama na kusogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Iliyo baridi kuliko mwenzake ndiyo nafungua. Ila gari likivuta hata bila breki na rimu moja ikawa moto mno, pistoni ya breki ya upande huo, ile inayosukuma pedi, imeng'ang'ania, hairudi.

Kalipa ya gari hili, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, ina pistoni nne, mbili kila upande wa diski. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na yasipobadilishwa kwa miaka pistoni zinashika kutu. Mara nyingi inaganda moja au mbili tu, na pedi zitakuonyesha: moja imelika, ya pili bado nene. Kufunga pedi mpya juu ya pistoni iliyoganda ni kumwibia mteja.

Pistoni zikiwa huru, naenda kwenye paipu ya mpira inayoleta mafuta ya breki kwenye kalipa. Nje inaweza kuonekana nzima, kumbe ndani imevimba. Fungua nipeli, skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa, msaidizi akikanyaga pedali. Mafuta yakiruka upande mmoja na kuchuruzika upande mwingine, badilisha paipu zote mbili, kisha toa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki.

Pedi ikiwa imelowa grisi na mafuta ya difu (gia za ndani ya ekseli), sili ya ekseli, ile inayozuia mafuta yasivuje, imekwisha. Badilisha sili kwanza, na pedi hiyo itupe. Kuiosha kwa petroli hakuirudishi.

Breki zote zikiwa safi na gari bado linavuta, natazama bushi za springi (mipira ya kwenye viungo vyake) na yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi. Ekseli ikisogea unapobana breki, inageuza magurudumu yenyewe, na hapo hakuna pedi itakayokusaidia. Badilisha bushi, kaza yubolti.