Kabla hujailaumu programu, tazama mwezi

Mimi ni meneja wa bidhaa. Katika kampuni changa ya watu watano, kama hii yetu ya Mwanza, maana yake ni kwamba mimi ndiye ninayeulizwa tujenge nini na tuache nini. Swali la pili ndilo linaloninyima usingizi. Fedha za kuanzia zina mwisho, na kila wiki tunayoipoteza kwa kitu kisichohitajika ni mshahara wa mtu.

Tuliwalenga akina mama wanaonunua dagaa wabichi mialoni, kule ziwani mitumbwi inakoshusha samaki, wakawaanika, kisha wakawapeleka Mwaloni Kirumba, soko ambako wanunuzi wa Kongo, Rwanda na Burundi huufuata mzigo. Mama huchukua ndoo kadhaa kwa mkopo kutoka mtumbwi huu na ule, na hulipa akishauza. Tulitaka amkumbuke kila anayemdai bila kupekua daftari. Tukatengeneza menyu ya nyota na reli, maana wengi wao wana simu za kitochi na menyu za aina hiyo wamezizoea tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008.

Wiki za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha grafu ikaporomoka. Akina mama waliokuwa wakiingiza hesabu kila asubuhi wakanyamaza, karibu wote kwa mkupuo mmoja. Ofisini tukakaa kikao. Mmoja alisema menyu ni ndefu, mwingine akasema lugha yetu ni ngumu. Mimi ndiye niliyeamua: tuipange menyu upya. Tukafanya kazi usiku na mchana, tukaitoa, na watumiaji wakarudi. Tulifurahi sana. Mwezi uliofuata wakapotea tena, vilevile.

Safari hiyo sikuitisha kikao, nilipanda daladala alfajiri nikaenda mwalo wa Igombe. Mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani, wanaume wanashona nyavu. Nikamwamkia mama mmoja ninayemfahamu.

"Marahaba mwanangu. Umefuata dagaa leo? Mbalamwezi hii, nani atavua?"

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za betri na za sola. Mwanga huwavuta dagaa wakusanyike, ndipo nyavu zinawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima lina mwanga, taa haina nguvu tena juu ya samaki, na mitumbwi hupumzika kwa siku kadhaa. Mwezi huandama kila baada ya siku 29 na nusu hivi. Kwa hiyo grafu tuliyoihangaikia ilikuwa inachora mwezi, na kile tulichokiita ufumbuzi kilikuwa giza limerudi tu.

Iliniuma, na si kwa sababu ya kazi iliyopotea pekee. Tulipopanga menyu upya, "kulipa deni" ilihama kutoka namba 2 kwenda namba 3, na namba 2 ikawa "deni jipya". Yule mama alikuwa ameizoea kwa vidole, haisomi. Alibonyeza 2 kama kawaida, malipo yakaandikwa kama deni jipya, na akalipa mtumbwi mmoja mara mbili kwa kuamini simu ilivyomwonyesha, na ilibidi niende naye kwa mwenye mtumbwi kulimaliza.

Tangu hapo nimeachana na mizunguko ya kazi ya wiki mbili mbili. Tunakwenda na mwezi. Wakati wa giza hatugusi kitu isipokuwa kilichoharibika, kwa sababu mama anayepokea ndoo saa kumi na moja alfajiri hana nafasi ya kujifunza menyu. Mbalamwezi ikiingia, tunakaa nao mwaloni, wana muda, wanazungumza, na mabadiliko yote yanajaribiwa hapo. Kwenye takwimu tunalinganisha giza na giza. Ukilinganisha wiki hii na iliyopita utaona maajabu ambayo hayapo.

Mvua nayo ina grafu yake. Dagaa wakinyeshewa kabla hawajakauka, thamani inashuka hadi bei ya chakula cha kuku, na madeni yanachelewa. Mwekezaji mmoja alitaka tuanze kuwapa akina mama alama za uaminifu wa kulipa madeni kwa takwimu za miezi mitatu tulizokuwa nazo, Machi hadi Mei, masika yenyewe. Nilikataa, na bado naamini nilifanya sawa. Tungewaandika wanawake waaminifu kuwa wadaiwa sugu kwa sababu ya mawingu.

Na lile daftari? Hawakuliacha. Mwanzoni nililiona kama ushahidi kwamba tumeshindwa, hadi nilipoomba kulisoma. Ndani mlikuwa na kitu ambacho hatukuwahi kuuliza: ndoo wanazoazimana wao kwa wao, mama kwa mama, pale mmoja anapokosa mtumbwi siku hiyo. Hicho ndicho tulichokijenga kilichofuata, na ndicho wanachokitumia zaidi.

Giza linaingia Jumanne. Menyu mpya imeshajaribiwa Igombe kwa siku nne, na "kulipa deni" imerudi namba 2.