Vinasaba si Kisingizio cha Kutomweleza Mgonjwa

Hapa Nairobi, maswali yanayotufikia kuhusu iwapo mtu anaweza kurithi ugumu wa kuelewa maelezo ya afya yameongezeka, na baadhi ya wanaouliza wamekwisha kushauriwa wapimwe mate, ambamo vinasaba, yaani chembe za urithi, husomwa, ili wathibitishiwe. Jibu la kitaalamu ni ndiyo, kwa kiasi kidogo. Nchini Uingereza, watafiti waliwapa watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi lebo ya dawa waisome, wakawauliza maswali manne, kisha wakalinganisha majibu na vinasaba vyao; waliokuwa na viashiria vingi, yaani tofauti ndogo ndogo katika vinasaba, vinavyohusishwa na uwezo wa kufikiri na kiwango cha elimu walielekea kujibu vyema zaidi. Hata hivyo, mchango wa kila kiashiria ni hafifu mno, na kipimo cha aina hiyo hakiwezi kutabiri kama mkazi wa mtaa wa Kayole ataelewa maandishi ya bahasha ya dawa. Hakuna kinasaba cha kutomwelewa daktari, na tungeshukuru dhana hiyo ikiacha kusambazwa.

Bahasha yenyewe ndiyo ya kutazamwa kwanza. Ikiandikwa "1x3", yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, bila neno jingine, yuko atakayemeza kidonge kimoja kwa siku tatu, wala hilo halihitaji maabara. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa, kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma.

Ukiamua bado kupimwa vinasaba, anayechukua mate yako anashika data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ni juu yake kuthibitisha kwamba ulitoa idhini, nawe unaweza kuiondoa wakati wowote, ingawa kuiondoa hakubatilishi yaliyofanywa kihalali kabla ya hapo. Data ikivuja na kuwapo hatari halisi ya madhara, sharti amjulishe Kamishna wa Data, afisa anayesimamia sheria hiyo, ndani ya saa 72 tangu afahamu. Faini ya kiutawala, ambayo Kamishna humtoza anayekiuka sheria hiyo, haizidi shilingi milioni 5 au, kwa kampuni, asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Uchunguzi wa lalamiko lililofikishwa kwa Kamishna hukamilishwa ndani ya siku 90. Asiyeweza kuandika lalamiko hulieleza kwa mdomo, na ni wajibu wa Kamishna kuhakikisha kwamba limeandikwa.