Si kisu kinachoisambaza saratani

Wapo wanaokataa kutolewa kipande kidogo cha uvimbe kwa uchunguzi kwa sababu wamesikia kwamba "saratani ikiguswa na kisu, inasambaa." Ni kweli kuwa sindano ya kutolea kipande hicho, kwa nadra sana, huacha seli chache njiani, na madaktari huipanga njia yake wakilijua hilo. Lakini uwezo wa kusambaa seli inao yenyewe, hata uvimbe usipoguswa na mtu.

Ndani ya seli mna nyuzi za protini iitwayo aktini, zinazojengwa na kubomolewa muda wote. Katika saratani ya matiti inayovamia, protini zinazosimamia kazi hiyo mara nyingi huzidi kiasi. Kofilini hukata nyuzi, Arp2/3 huzichipuzia matawi, fasini huzikaza pamoja kama mganda wa fito. Utando wa seli husukumwa nje, ukaota vijiguu vyembamba; nchani mwake hutoka vimeng'enya vinavyomeng'enya kolajeni, yaani protini inayoshikilia tishu zinazoizunguka seli, na seli hujipenyeza hadi kwenye mshipa wa damu. Kisu hakimo kabisa katika habari hii.

Mbona basi protini hizo zisizimwe kwa dawa? Tatizo ni kwamba hata chembe nyeupe za damu, walinzi wetu, hutembea kwa mtambo huohuo.