Kabla hujamfungulia moyo mwanasaikolojia anayejitegemea

Mama mmoja alipoingia ofisini kwangu mara ya kwanza, hakuketi. Alisimama kando ya kiti, mkoba ameukumbatia kifuani, akautazama mlango, kisha akanitazama mimi. Nikamwuliza, "Ungependa ukae wapi?" Akasita kidogo, akakivuta kiti mpaka ukutani, mahali ambapo angeuona mlango bila kugeuza shingo. Ndipo akaketi.

Vikao kadhaa baadaye aliniambia kwamba mtaalamu wa kwanza aliyemwendea alimketisha akiupa mlango mgongo, akamtaka asimulie yote tangu mwanzo. Alisimulia saa nzima. Usiku ule hakupata hata lepe la usingizi, na ikamchukua miaka miwili kumwendea mtaalamu mwingine. (Amenipa ruhusa ya kulieleza hili, na mengine nimeyabadilisha ili asitambulike.)

Mimi ni mwanasaikolojia, najitegemea, na kazi yangu kubwa ni watu wazima wenye wasiwasi uliopitiliza na kiwewe, yaani jeraha la nafsi linaloachwa na tukio la kutisha. Kujitegemea kuna faida kwa mteja: anaonana na mtu yule yule kila wiki, na saa wanapatana wenyewe. Lakini nyuma yangu hakuna mkuu wa idara wala mwenzangu wa chumba cha pili anayeona ninavyofanya kazi. Maswali ambayo katika taasisi huulizwa na wakubwa wa kazi, kwangu inakubidi uyaulize wewe mwenyewe. Usione haya. Mtaalamu anayeudhika kwa kuulizwa amekwisha kukujibu.

Leseni ni jambo la dakika tano. Uliza amesajiliwa na bodi gani, kwa namba gani, kisha hakikisha kwenye orodha ya bodi hiyo. Nchi nyingi huyalinda majina kama "mwanasaikolojia" kisheria, lakini si majina yote ya kazi za ushauri yanalindwa. Ujue pia kwamba daktari wa magonjwa ya akili ndiye mwandikaji wa dawa. Sisi wanasaikolojia, katika sehemu nyingi za dunia, hatuandiki. Ukihitaji vyote viwili, uliza kama wataalamu hao watawasiliana kwa idhini yako.

Swali ambalo karibu hakuna mtu anayeniuliza, nami natamani wote waniulize, ni hili: "Kesi ngumu unazijadili na nani?" Anayesikiliza habari za kuumiza siku baada ya siku, peke yake, bila mwenzake wa kumsahihisha, atafika mahali achoke au apotoke. Mimi hukutana na mwenzangu aliyenitangulia kazini mara mbili kwa mwezi. Majina ya wateja hayatajwi. Makosa yangu hutajwa.

Halafu njia ya tiba. Wasiwasi na kiwewe hukaa nyumba moja mara nyingi, lakini havitibiwi sawasawa. Wasiwasi hunenepeshwa na kukwepa. Anayeogopa lifti hupanda ngazi, kesho huacha kazi za ghorofa za juu, na kila akikwepa anapata nafuu ndogo inayoifundisha hofu kwamba ilikuwa kweli. Tiba ya utambuzi na tabia humrudisha kwenye lile jambo hatua kwa hatua, mpaka mwili ujifunze upya. Kiwewe kina la ziada: kumbukumbu ya jana inakuja kama jambo la sasa hivi, kwa harufu na sauti zake. Kwa hiyo mtaalamu awe na mafunzo mahsusi ya kiwewe. Kuna tiba ya kuchakata fikra, yaani kuzichunguza na kuzirekebisha fikra zilizoachwa na tukio, ambayo kwa kawaida huchukua vikao kama 12. Kuna ile ya kuikabili kumbukumbu kwa kuisimulia tena na tena, vikao 8 hadi 15, kila kimoja kama dakika 90. Kuna pia ya kuyasogeza macho huku ukiikumbuka picha ya tukio, iliyoanzishwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, mwaka 1987. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2013, lilizitaja hii ya macho na tiba ya utambuzi na tabia inayolenga kiwewe kuwa za kufikiriwa kwa watu wazima. Mtu akikujibu "nachanganya kila kitu kidogo kidogo", mwulize amefunzwa ipi, na kwa muda gani.

Hata hivyo, ninachokipima zaidi ni mwendo. Mwaka 1992 Judith Herman, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliigawa safari ya kupona katika awamu tatu: kwanza usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi kwa watu na maisha. Yule aliyemkalisha mteja wangu mgongo kwa mlango aliiruka ya kwanza. Lakini nimepokea pia watu waliofundishwa kupumua kwa miezi minane, na kile kilichowapeleka kwa mtaalamu hakijawahi kuguswa. Kosa hilo la pili halisemwi sana kwa sababu halina kelele. Si kila mtu anahitaji maandalizi marefu, na wakati mwingine anayekiogopa kisa cha mteja ni mtaalamu mwenyewe.

Kwa hiyo katika mazungumzo ya kwanza, uliza: "Nikizidiwa katikati ya kikao, utafanyaje?" Sikiliza kama jibu lina vitu vya kushikika. Mimi husema: tunasimamisha simulizi, unakanyaga sakafu kwa nguvu, unanitajia vitu vitano unavyoviona chumbani, na dakika kumi za mwisho hatufungui kidonda kipya. Uliza pia usiku ukikulemea utampigia nani, kwa maana ofisi ya mtu mmoja haina zamu. Na kama leo una mawazo ya kujiua, usisubiri kumaliza kuchagua. Nenda sasa hivi kwenye huduma ya dharura iliyo karibu, na usiende peke yako.

Mipaka ya siri, yaani ni lini atalazimika kumwambia mtu mwingine uliyomsimulia, aieleze kabla hujaanza kusimulia. Anayekuahidi kupona kwa vikao vitatu, anayekuhimiza usamehe haraka ili yapite, anayetaka urafiki nje ya ofisi: ondoka. Uhusiano wa kimapenzi na mteja ni marufuku, hakuna maelezo yanayouhalalisha.

Baada ya kikao cha nne, pimeni. Kuna dodoso la wasiwasi la maswali 7, alama 0 hadi 21, na la kiwewe la maswali 20, alama 0 hadi 80. Mwanzoni mwa kuigusa kumbukumbu alama zinaweza kupanda kidogo, hilo lisikutishe. Zisiposhuka kwa wiki nyingi, mwambie usoni. Yule mama aliniambia kwamba kuhesabu pumzi kunamrudisha kule kule anakokimbia. Sikuwa nimemwuliza. Tukaacha pumzi siku ile ile, akawa anashika chupa ya maji baridi kwa mikono miwili, na wiki iliyofuata akaanza kusimulia, kwa sentensi mbili.