Injini imeisha kweli? Yanayosemwa gereji na yanayopimika

Katika gereji za jua kali za Nakuru na Kisumu, injini iliyotembea sana huhukumiwa haraka. Fundi huwasha gari, husikiliza, huangalia moshi nyuma, kisha: "Mzee, hii imeisha. Tutafute ingine." Mwenye gari ambaye Probox yake ndiyo inayobeba maziwa kutoka Molo, au abiria kati ya Luanda na Kisumu, huanza kuwaza mkopo wa sacco kabla boneti haijafungwa. Pengine fundi amesema kweli. Lakini mara nyingi hajapima kitu, na kosa la kukisia hulipwa na mwenye gari.

"Ikishapita kilomita 300,000, hiyo ni ya kubadilisha."

Mileji haipimi uchakavu. Injini huliwa zaidi inapowashwa ikiwa baridi, kabla oili haijafika kila mahali. Gari la kupeleka watoto shule na kurudi, safari fupifupi mjini, huweza kuchoka mapema kuliko lile la Nakuru–Eldoret linalokimbia safari ndefu na kubadilishiwa oili kwa wakati. Tena, magari yetu mengi yaliingia nchini yakiwa yametumika, na wapo wanaorudisha mileji nyuma. Namba inayokutisha au kukutuliza huenda si ya kweli.

Anza na kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa. Injini ikiwa na joto lake la kazi, plagi zote hutolewa, mafuta na moto wa plagi hukatwa, geji hufungwa kwenye tundu la silinda moja, mtu hukanyaga pedali ya mafuta hadi chini na kupiga stata kwa sekunde chache. Namba huandikwa, kisha silinda inayofuata. Iliyo dhaifu hutiwa kijiko kidogo cha oili na kupimwa tena. Namba ikipanda vizuri, ringi za pistoni au kuta za silinda zimelika. Ikibaki palepale, tazama valvu. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya hedi iliyokatika katikati yake.

Kuna jambo ambalo mafundi wa huku juu hulisahau. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,130. Shinikizo la hewa Nakuru ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa, na la Kisumu kwa kama moja ya nane. Kwa hiyo injini ya petroli inayosoma psi 190 (kipimo cha shinikizo) pwani inaweza kusoma 150 na kitu Nakuru ilhali ni nzima kabisa. Fundi anayeshikilia namba ya kitabu bila kukumbuka mwinuko atakununulisha injini usiyoihitaji. Ndiyo sababu mimi huamini tofauti kati ya silinda kuliko namba yenyewe. Ukiona 150, 148, 152, 150, hakuna cha kufungua. Ukiona 150, 150, 95, 150, tatizo liko mahali pamoja, na huenda ni valvu moja tu iliyoungua. Hedi hushushwa, valvu hubadilishwa na kusagwa, gari likaendelea na kazi. (Dizeli ina geji yake na namba zake, kubwa zaidi, usikubali ipimwe kwa geji ya petroli.)

"Moshi wa buluu ni ringi, na ringi ni kufungua injini yote."

Moshi wa buluu ni oili inayoungua, basi. Swali ni imepitia wapi, na jibu liko katika wakati moshi unapotoka. Tafuta mteremko. Huhitaji Sachangwan, ule umeshaua watu wa kutosha. Kilima chochote chenye barabara tulivu kinafaa. Teremka ukiwa kwenye gia, mguu nje ya mafuta, kisha ukifika chini kanyaga huku mwenzako akitazama nyuma. Likitoka wingu moja zito likaisha, sili za valvu zimekauka: wakati wa kuteremka injini huvuta hewa kwa nguvu na kunyonya oili kupitia kwenye sili hizo. Ndizo pia zinazotoa moshi asubuhi gari linapowashwa kisha ukapotea. Kwenye injini nyingi sili hubadilishwa bila hata kushusha hedi, kwa fundi anayejua kuzuia valvu zisidondoke ndani ya silinda.

Moshi ukitoka mfululizo unapopanda na mzigo, hapo ringi zina kesi ya kujibu. Hata hivyo, kagua kwanza PCV, kile kivalvu kidogo cha kupumulia injini. Kikiziba, oili husukumwa mahali isipotakiwa, na bei yake haifiki popote karibu na ya ringi. Zipo pia injini, kama 1ZZ ya Toyota katika matoleo yake ya mwanzo, ambazo vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni huziba masizi. Zinakunywa oili ilhali kuta za silinda bado ni nzuri.

Moshi mweusi ni mafuta kupita kiasi, mweupe mzito usioisha injini ikishapata moto ni maji. Hiyo ni habari nyingine.

"Tia oili nzito, itatulia."

Itanyamaza kidogo. Oili nzito ya 20W-50 ndani ya injini iliyoundiwa oili nyepesi ya 5W-30 hupita kwa shida kwenye njia nyembamba za VVT-i (mfumo wa Toyota wa kurekebisha muda wa valvu kufunguka), na asubuhi ya baridi ya Molo au Timboroa huchelewa kufika juu, wakati uleule injini inapoihitaji zaidi. Wauzaji wa magari wanaipenda sana dawa hii. Ukienda kununua gari, chomoa kijiti cha oili uone uzito wake.

"Injini nyingine itamaliza shida ya joto."

Injini ikipikika, kuna kilichoipika: rejeta iliyoziba, feni isiyowaka, kifuniko cha rejeta kisichoshika presha, maji ya bomba badala ya kulanti. Ukibadilisha injini ukaviacha hivyo, utarudi gereji hiyohiyo. Na kutoa thamostati "ili ipoe" hakutibu chochote. Injini hukawia kupata joto lake, hunywa mafuta zaidi na huchakaa haraka.

"Gharama ikipita nusu ya bei ya gari, liuze."

Kanuni hii inafaa mahali ambapo gari jingine hupatikana kwa bei rahisi. Kenya haturuhusu gari lililotumika liingizwe likiwa limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na linaloingia hubebeshwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16. Kwa hiyo jiulize: pesa za matengenezo, pamoja na utakachopata ukiliuza lilivyo, zitakununulia nini? Mara nyingi ni gari kuukuu la mtu mwingine, ambalo injini yake hujawahi kuipima.

Mwamuzi ni gari lililobaki. Gia-boksi ikiwa inateleza, sakafu imeoza kwa kutu na chini kunagonga kila mahali, usizike pesa kwenye injini. Bodi ikiwa imara, injini inastahili. Kisha kama ni hedi tu, tengeneza. Kama konrodi zinagonga na krankshafti imekwaruzika, kuchonga, kununua pistoni za oversaizi na beringi huweza kuzidi bei ya injini nyingine, na silinda za injini nyingi za kisasa zina kuta nyembamba zisizovumilia kuchongwa.

"Injini ya ex-Japan ni mpya."

Ni injini iliyotolewa kwenye gari la mtu, yenye mileji usiyoijua. Omba ipimwe kompresheni palepale kwa muuzaji. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta tope jeusi, ondoka. Chungulia matundu ya maji uone kutu. Linganisha alama ya aina ya injini na ya kwako: Probox za 2NZ ni za cc 1300, za 1NZ ni za cc 1500, na kuhama kutoka moja hadi nyingine kunagusa waya na kompyuta ya gari. Kabla haijafungwa, badilisha sili ya nyuma ya krankshafti, pampu ya maji na thamostati, maana kuzifikia baadaye ni kazi mara mbili.

Risiti yenye namba ya injini usiipoteze. Namba iliyo kwenye logibuku inatakiwa ilingane na iliyo kwenye chuma, na mabadiliko hayo hupelekwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Wengi huliacha hilo mpaka siku ya kuuza, mnunuzi akiwa ameinama juu ya boneti na tochi ya simu, anasoma namba isiyofanana na ya karatasi.